Kusafisha Picha ya Baba

Mwaka mmoja wa kifo cha baba ulipokaribia, mama aliniagiza nitafute fundi wa kutengeneza kibao cha kaburi chenye picha yake, kiwekwe kabla ya misa ya kumwombea. Mimi ndiye mtoto wao pekee, tena ndiye ninayeishi Mwanza mjini, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Ningefurahi kumpata.

Karakana niliyoelekezwa iko Mkuyuni, ubavuni mwa duka la vipuri vya pikipiki. Fundi, kijana wa rika langu, alinionyesha njia mbili. Ya kwanza ni picha ya rangi inayochomwa kwenye kigae kidogo, kisha kigae kinabandikwa kwenye kibao. Ya pili ni mashine inayochonga uso juu ya jiwe jeusi lenyewe, kwa vidoti vyeupe, bila rangi yoyote. Nikamuuliza gundi ikilegea itakuwaje. Na jua la kule kisiwani alikozikwa? Na jiwe likipata ufa katikati ya uso?

“Dada,” alisema, “umekuja kuweka picha au kuchunguza ajali?”

Nikaondoka bila kuamua. Chumbani niliiegemeza picha ya baba kwenye chupa ya chai, nikala huku ananitazama. Ndiyo pekee aliyopiga akiwa peke yake. Amevaa shati la kazini, na kovu limekata nyusi yake ya kushoto, pale ubao ulipomrukia akiwa seremala mwanafunzi. Nilikuwa nimeanza kuzungumza naye kuhusu gundi.

Nikampigia mama, aliyeko Nansio, kule kisiwani. Simu yake ni ya vitufe, haipokei picha, hivyo nilimweleza kila kitu kwa maneno. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema niamue mwenyewe, ila niwaambie waisafishe vizuri. Nikampelekea fundi picha pamoja na neno hilo, kama lilivyo.

Siku iliyofuata akanitumia sampuli. Mwanaume mwenye ngozi nyororo, suti nyeusi, tai nyekundu. Kovu halipo. Niliitazama muda mrefu mno, na kilichonitisha ni kwamba nilianza kumzoea.

Nikampigia mama tena, nikamuuliza kama alitaka baba avalishwe suti na alainishwe uso.

“Suti gani? Kusafisha si ndiyo kuitoa picha? Sisi tulikuwa tunapeleka mkanda studio, unasafishwa, unapewa picha zako.” Kisha akauliza, “Na kovu wamelifuta?”

“Wamelifuta, mama.”

“Sasa nikienda pale nitamsalimia nani?”

Nilirudi Mkuyuni jioni hiyohiyo. Fundi alijitetea, na alikuwa na haki: kwake kusafisha picha ni kuondoa madoa, na wateja wake wote wanataka marehemu wao apendeze. Nikamwomba amrudishe baba alivyokuwa, na shati lake. Akamweka kwenye kompyuta kwa njia zote mbili. Kwenye kigae, katikati ya zile rangi, kovu lilionekana kama kosa la uchapaji. Kwenye jiwe jeusi lilikuwa mstari mweupe juu ya jicho, kitu cha kwanza unachokiona.

“Jiwe,” nikasema.

Akanikumbusha kuwa kikishachongwa hakifutiki. Nikasema najua. Sikubadilisha.

Nilikivusha kibao kwa meli, kimefungwa ndani ya blanketi. Waashi walipomaliza kukisimika na kuondoka, mama alipiga magoti mbele yake. Kisha akaanza kuzungumza na baba kwa Kikerewe, harakaharaka, kama walivyokuwa wakifanya nilipokuwa mdogo na hawataki nisikie mambo yao. Mimi walinilea kwa Kiswahili. Nilikuwa nadaka neno mojamoja tu. Mahali fulani akacheka, akampiga kofi dogo begani.

Nilisimama nyuma yao, nikisubiri wamalize.