Vidole Begani

Utafiti wangu ulihusu wanawake wa Eldoret waliopenda sinema katika ujana wao: walivyosuka nywele kama mastaa, wakashonesha magauni kama yao, hata wakaiga mwendo wao. Wenzangu pale chuoni Chepkoilel waliniuliza kama hiyo nayo ni kazi. Nami sikukosa kiburi. Niliwaambia wasubiri kitabu.

Mama mmoja wa mtaa wa Munyaka ndiye aliyenipa nilichokitafuta. Ilikuwa picha ya studio: yeye ndani ya gauni la kung'aa, kidevu juu, kama staa aliyempenda. Mumewe alikuwa amesimama kando yake, lakini Mama alimkata kwa makasi, kwa sababu kwenye mabango ya sinema yule staa alisimama peke yake. Vilibaki vidole tu, begani. Alinieleza kwamba mzee mwenyewe alicheka mpaka akakohoa.

Nilifurahi kupita kiasi. Mwanamke anamkata mume! Sura nzima ya kitabu niliiona papo hapo. Nikaomba niende na ile picha nikatoe nakala.

"Mwalimu, si ubebe na hii ya harusi?" Mama akasema, akiitoa ukutani. "Hapa mzee ametoka vizuri. Tangu afariki, hii ndio naangalia."

"Hapana, Mama. Hiyo haitanisaidia kwa utafiti."

Akaitundika tena.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, ghasia zilizuka, na nyumba yake ikachomwa pamoja na za majirani. Mimi nilikuwa nimejifungia kwangu, salama salimini. Nilimpata baadaye kambini, ameketi juu ya blanketi la msaada, nikampa picha yake. Naona haya kusema kwamba njiani nilikuwa nikijipongeza: angalau utafiti wangu umeokoa kitu.

Aliipokea kwa mikono miwili. Halafu akafunika uso wake mwenyewe kwa kidole gumba, na gauni kwa kiganja, vikabaki vile vidole vya mume. Akaviangalia kwa muda mrefu, na mimi sikujua nitazame wapi.

"Mwalimu," akauliza, "hizo mashine zenu za chuo zinaweza kutengeneza mtu mzima kutoka kwa hii?"

"Haziwezi, Mama."

Ile sura niliiandika hata hivyo. Ndiyo ambayo wasomaji huisifu zaidi, nami huwashukuru.