Mashine Iliyozidi Mtumbwi

Nakumbuka asubuhi tuliyopanda treni pale stesheni ya Ruvu, mimi na marehemu mume wangu, kwenda Dar es Salaam kununua mashine ya mtumbwi. Usitabasamu, mwanangu. Najua na wewe unataka kununua, na najua kwangu umefuata dua, si maneno. Dua utaipata. Kaa kwanza, maneno yanatangulia.

Enzi hizo za Mwingereza mume wangu, Baba Zaituni, alikuwa akivua kambare na perege huko upande wa chini wa mto pamoja na mdogo wake, Pazi. Mimi nilikuwa muuzaji. Treni ikisimama abiria wananyoosha mikono madirishani, nami nabishana nao bei mpaka behewa linaanza kutembea. Wachache sana walinishinda. Hata mume wangu akiniletea tenga la samaki, nilihesabu mbele yake, kisha nikahesabu tena akigeuka. Alijua, na alikuwa akigeuka makusudi ili nimalize kazi yangu.

Shida yetu ilikuwa mkondo. Kushuka mto ni starehe, lakini kupanda kwa pondo na kasia, mtumbwi umejaa, kulivunja migongo yao, na mara nyingi walifika treni imekwishapita na samaki wameanza kulegea. Kwa hiyo mashine tuliihitaji kweli. Hapo hatukukosea.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mtulivu. Aliuliza mtumbwi wetu una urefu gani, nyuma una upana gani, na ukirudi unabeba nini. Mpaka leo sijasikia maswali mazuri kuliko yale. Bahati mbaya pale kaunta walisimama wavuvi wawili wa pwani, wananunua kamba, wanasimuliana mashua yao ilivyo kubwa. Mume wangu akawatazama, akakohoa kidogo.

"Futi thelathini," akasema. "Na nyuma ni pana, watu wawili wanakaa sambamba."

Mwanangu, nyuma ya mtumbwi ule nimekaa mara nyingi. Nilikuwa mwembamba siku hizo, na bado mapaja yangu yaligusa mbao kulia na kushoto.

Mwenye duka akaonyesha mashine yenye nguvu za farasi kumi. Kwa mtumbwi kama huo, alisema, hii ndiyo yake. Pembeni ilikuwepo ndogo ya farasi watatu, imekaa kinyonge kama mtoto aliyesahauliwa. Kwetu Ruvu hata farasi mmoja hatukuwa tumemwona, mbung'o wasingemwacha amalize mwezi, sasa tunapewa kumi kwa mpigo.

Ningefanyaje? Niseme mbele ya wanaume wageni kwamba mume wangu anaongopa? Sikulelewa hivyo. Nikashika silaha niliyoizoea, bei. Nikasema ile kubwa ni ghali, sisi ni maskini, tupe ndogo. Nikasema rangi yake imechubuka. Nikasema tunarudi nyumbani. Wote wakaona nafanya biashara. Mwenye duka akashusha bei, nikakataa, akashusha tena. Wale wa pwani wakaacha kamba zao wakawa wanatazama.

"Bwana," mmoja akamwambia mume wangu, "tuazime mkeo wiki moja tu, akatununulie tanga."

Mume wangu akavimba kwa raha. Kila nilipokataa, mashine kubwa ilitusogelea. Mwishowe mwenye duka akanyoosha mikono, akasema, "Mama, umenishinda, chukua." Bei ikawa imefika pale pale pesa yetu ilipoishia. Katika maisha yangu yote sijapata kushinda bei namna ile.

Kwenye treni ndipo nikamwambia ukweli, polepole, ili abiria wasisikie.

"Mama Zaituni," akanijibu, "umeshinda bei na bado unanung'unika? Nguvu ikizidi si tunaipunguza tu?"

Neno hilo wavuvi wanalisema mpaka leo. Nguvu kweli unaipunguza kwa mkono. Uzito je? Chuma kikishakaa nyuma ya mtumbwi kimekaa, uende mbio au usimame.

Tulimpelekea Mzee Kibwana, fundi aliyeuchonga mtumbwi wenyewe, akate mkia wake na kupigilia ubao wa kufungia mashine. Aliinyanyua mashine, akaitua. Akauliza nani aliyepima mtumbwi kabla ya kwenda mjini. Mimi na mume wangu tukatazamana.

"Basi mmenunulia mtumbwi wa watu wengine," akasema. "Huu wangu niliuchonga nyuma akae mtu mmoja na kasia lake. Rudisheni."

Mume wangu akamwambia kwa adabu kwamba haiwezekani, kijiji kizima kimetuona tukiiteremsha stesheni. Mzee akatazama pembeni kama aliyesikia habari ya msiba. Kisha akachukua msumeno, maana kazi ilikuwa imelipiwa.

Siku ya kwanza kuiwasha watoto walikimbia ukingoni wakipiga kelele. Pua ya mtumbwi ilipanda juu, nyuma ikachuchumaa, na pale mume wangu alipokaa maji yalibakiza upana wa kiganja kuingia. Wakatia mawe mbele kusawazisha. Mawe yakala nafasi ya samaki. Kwa hiyo tukawa na mashine kubwa inayopeleka mawe mtoni na kuyarudisha. Nilitania hivyo, Pazi akacheka. Mume wangu hakucheka.

Tukaendelea hivyo hadi mwisho wa masika. Siku hiyo samaki walikuwa wengi, na ili wapate pa kuwaweka wakayatupa mawe. Nilikuwa nimesimama ukingoni na matenga yangu. Treni ikapiga honi kwa mbali, nami nikawaona wanatokea kwenye kona, pua juu, povu jeupe nyuma yao, wanawahi. Sikuwahi kumwona mume wangu mzuri kama dakika ile. Alipokaribia ukingo akaizima mashine ghafla.

Mtumbwi ukasimama. Wimbi lao wenyewe halikusimama. Likawafikia kwa nyuma, likapanda ule ubao, likajaa ndani. Mkia ukazama kwanza, umevutwa na chuma.

Pazi aliogelea. Mume wangu naye aliogelea, mwanangu, sikiliza vizuri. Alifika, akashika matete, nikawa najongea kumpa mkono. Akageuka kutazama maji. Akaniambia, "Mashine," kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu aliyesahau kofia, akayaachia matete. Mto ulikuwa umejaa. Tulimpata kesho yake, mbali.

Mtumbwi waliuvuta jioni ile ile kwa kamba. Mashine ilikuwa pale pale kwenye ubao wake, imefungwa vizuri, haikwenda kokote.

Habari hii nimewasimulia vijana wengi. Wananisikiliza kwa heshima, wananiambia pole bibi, kisha wanakwenda mjini kununua kubwa kuliko ya jirani. Sidhani wewe utakuwa tofauti, lakini sitakaa na maneno haya tumboni.

Pima mtumbwi wako kwa kamba, na kamba uende nayo dukani, ijibu badala ya mdomo wako. Ukiulizwa, taja mtumbwi ulionao, hata akisimama nani pembeni yako. Weka nyuma ya mtumbwi gunia lenye uzito wa mashine unayoitaka, pakia watu na mzigo wote, kisha tazama maji yamefika wapi. Yakikaribia ukingo, mashine hiyo si yako hata ukipewa bure. Ukifika, punguza mwendo taratibu, uache wimbi likupite. Na ukiwa na mke anayejua ukweli, mwombe auseme hapo hapo kaunta, akuaibishe. Mimi nilimsitiri wangu kwa bei, na sitara hiyo ndiyo iliyotufikisha kaburini Ruvu.

Haya, leta mikono yako. Mungu akupe mkondo mpole na samaki wa kutosha. Akupe mke mwenye ulimi. Na siku chuma kitakapozama, akujaalie moyo wa kukiacha kizame, urudi kwa mama yako mikono mitupu.