Uyoga Uliochenjuliwa

Mke wangu alipobeba mimba ya kwanza, alikosana na chakula. Ugali ulimtapisha, wali ulimtapisha, hata chai ya jirani ikichemka nyumba ya tatu. Alikonda hadi nikaogopa upepo wa Buseresere usije ukampeperusha ziwani. Muuguzi wa zahanati akasema, "Mtafutieni anachokitamani, mradi ale." Mama mkwe akaja kutoka Segese kumtunza. Asubuhi moja mgonjwa akatamka: uyoga wa kichuguuni, kwa karanga.

Mvua zilikuwa zimeanza. Nilifika sokoni jogoo bado wanajadiliana nani aanze kuwika. Muuzaji wangu ni mama anayechuma kwenye vichuguu alivyoonyeshwa na bibi yake, vingine havigusi. Nikachagua mafungu mawili: vichwa vimekaza, havitelezi, havinuki, vipana kama miavuli ya maaskofu.

"Usiufunge," akaniambia. "Ukiufunga unatoka jasho, na ukitoka jasho umekwisha."

Nikaubeba kwenye kikapu wazi, nikaukinga jua kwa kofia yangu. Upara wangu ukaungua kwa niaba yake.

Nyumbani nikajitia kuusafisha mwenyewe. Sasa, mtu aliyezeeka akichenjua mchanga wa dhahabu, kila chenye udongo hukipeleka kwenye karai. Nikajaza maji, nikamwaga fungu la kwanza, nikaliyumbisha karai kwa ustadi wote, udongo utangulie, mali ibaki. Mali haikubaki. Uyoga ulikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, ukakatikakatika, ukawa uji.

Mama mkwe alikuwa jikoni, anaona yote. Kwa adabu za kwao, hasemeshani na mkwe wake ana kwa ana, na jikoni alimo yeye nisingeingia hata nyumba ikiungua. Kwa hiyo akazungumza na kuku aliyekuwa mlangoni.

"Wewe kuku, tangu lini uyoga ukachenjuliwa?"

Nami nikamtuma kuku. "Mwambie mama, fungu moja bado lipo."

"Basi mwambie achukue kisu, akate mguu wenye udongo, apanguse vichwa kwa kitambaa chenye unyevu. Maji uyaone wakati wa kwenda chunguni tu, tena haraka. Na wewe kuku acha kudonoa huo uji."

Nikapangusa kimoja kimoja, kwa upole ambao dhahabu haijawahi kuupata kwangu. Nikautandaza kwenye ungo, nikausukuma hadi kizingitini. Mkono ukatoka, ukauvuta ndani.

Ulipoiva na karanga zikawa nzito, nilisimama nje ya dirisha la jikoni nikisikiliza kijiko cha mke wangu. Kikagonga bakuli, kikagonga tena. Kikanyamaza. Nikasogeza sikio dirishani.

"Mama," mke wangu akasema, "uyoga umebaki?"

Furaha ikanisahaulisha adabu zote, kuku na kila kitu. Nikasema moja kwa moja dirishani, "Asante, mama."

Kisha, polepole, sauti yake ikanijia mimi mwenyewe, bila kupitia kwa kuku:

"Haya, baba. Anakula."