Ombi Lililosomwa Kabla ya Pilau

Zama za Mwingereza nilikuwa mwandishi wa barua Bagamoyo. Nilikuwa na mashine ya chapa, meza yenye mguu mmoja mfupi, na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Ndipo akanijia mzee mmoja mkimbizi, aliyekosana na mtawala wa bandari ya kwao huko kaskazini. Alitaka serikali yetu ipige marufuku vyombo vyote vya baharini kutoka huko, mpaka mtawala yule ataabike na kung'oka.

Mkimbizi hakuwa na kanzu ya pili, lakini alikuwa na mfadhili: tajiri wa mjini petu, muuza papa mkavu. Tajiri alimpa nyumba, joho na mpishi, akasema dhuluma ya watu wa kule inamnyima usingizi. Nilijua kwamba vyombo vya kule vilileta papa mzuri kuliko wake. Nilijua pia kwamba mama mkwe wangu alikuwa akiishi bandari ileile, na kwamba angekuja kwa chombo kumlea mke wangu katika uzazi wake wa kwanza. Lakini maombi yangu yote huko nyuma yalikuwa yameliwa na mchwa wa serikali. Nikaliandika na hili, kwa Kiingereza kizito.

Bwana Shauri, yaani ofisa wa Kizungu wa wilaya, kijana aliyekuwa bado mgeni, alisema hawezi kulipeleka Dar es Salaam bila kujua kama wenyeji wanalitaka.

"Karibu kwangu Ijumaa, Bwana mkubwa," tajiri akamwambia. "Utawaona mwenyewe."

Ijumaa hiyo tajiri akasomesha maulidi, akachinja ng'ombe. Maulidi yalipokwisha, kabla sinia hazijatoka, nikasimama kulisoma ombi, kwa Kiingereza kilekile. Sasa, kwetu maneno yanayosomwa kati ya maulidi na pilau ni dua, hayana jina jingine. Mkimbizi akainua viganja, na ua mzima ukainua viganja. Kila nilipovuta pumzi, watu wakaitikia, "Amina!" Njaa iliwazidishia ucha Mungu. Bwana Shauri aliitazama ile mikono, akaandika kwamba wenyeji wote wamekubali. Niliona kabisa kwamba anakosea. Nikakaa, nikala.

Safari hii mchwa walilala. Marufuku ikatangazwa, na papa wa tajiri akapanda bei siku ileile. Mji mzima ukauliza ni nani mwenye roho mbaya kiasi hicho.

Mke wangu hakuuliza. "Umemfungia mama yangu bahari," alisema, "kwa sahani ya pilau?"

Zilikuwa mbili.

Nilikwenda kwa Bwana Shauri, nikamweleza habari ya dua. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema neno la serikali halirudishwi kwa sababu ya mama mkwe. Mke wangu akajifungua akiwa na majirani, akimwita mama yake. Niliusikia ule mwito kutoka barazani, nikajichukia.

Mtoto alikuwa wa miaka miwili mkimbizi alipopatana na mtawala wake, akapewa cheo, akarudi kwao. Marufuku ikaondolewa. Mama mkwe akaja na chombo cha kwanza, akakaa mkekani bila hata kunywa maji, akafungua furushi, akatoa kikanzu alichokishona kwa ajili ya kichanga. Akanyoosha mikono. Binti yangu akapiga kelele, akajificha nyuma ya miguu yangu.

Nikataka kumvuta ampe bibi yake mkono.

"Mwache, baba," mama mkwe akasema, akikikunja kile kikanzu. "Hanijui."