Kurudi Kitale Kabla ya Magharibi

Mume wangu alikuwa sheikh mjini Kitale. Watu walimletea maswali ya talaka, mirathi na nadhiri. Wanawake walioona haya kumkabili waliniambia mimi jikoni, nami nikapeleka swali sebuleni na kurudi na jibu. Hakujibu upesi. Kwanza aliuliza yeye, tena na tena, mpaka wengine wakakasirika. Alisema swali lililofichwa nusu huzaa hukumu mbovu.

Alipofariki nikakaa eda, miezi minne na siku kumi ambazo mjane hajipambi wala halali nje ya nyumba ya mumewe. Mchana anaweza kutoka akiwa na haja. Majibu hayo nilikuwa nimeyabeba mara nyingi, sikuhitaji kufundishwa.

Mwezi wa pili wa eda dada yangu akapiga simu kutoka Bokoli, Bungoma, nyumbani kwa wazazi wetu, ambao ni Wakristo. Mama alikuwa amezidiwa. Jua lilipochomoza nikaondoka.

Mama alinitazama, akacheka kwa taabu. "Umejifunika hivyo kama sista wa misheni, na ulituambia ati umekuwa Mwislamu."

Nikamlisha uji. Ilipofika saa tisa nikaanza kujifunga leso.

"Unaenda wapi?"

"Kitale, mayi. Niko eda."

"Eda ndio nani? Mwambie leo alale peke yake."

Dada alicheka, nami nikacheka. Mama akanishika mkono. "Si ulale tu leo."

Mume wangu aliwahi kumruhusu mjane mmoja wa Moi's Bridge alale kwa binti yake mgonjwa. Jibu hilo nililipeleka kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini yule binti hakuwa na mtu mwingine, na mama alikuwa na dada yangu, basi nikajiambia mambo ni tofauti. Ningeweza kumpigia mwanafunzi wa mume wangu nimwulize. Sikumpigia. Niliogopa angesema nilale.

Kusema kweli, waliokuwa kichwani mwangu ni wanawake wa msikitini. Niliwasikia kabisa: mjane wa sheikh, si alisilimu ukubwani huyo, hata eda imemshinda. Nikautoa mkono wangu katika mkono wa mama, nikaenda stendi.

Alikufa kabla hakujapambazuka.

Siku ya mazishi nilikwenda mchana, na tena nikajiandaa kurudi mapema. Dada akanisindikiza hadi barabarani.

"Alikuulizia sana," akasema. "Nikamwambia si makosa yako, ni sheria ya mzee wako imekukataza."

Nilifungua kinywa. Gari likaja, nikapanda.

Miaka imepita. Nyumbani Bokoli bado wanamtaja mume wangu kama mtu mgumu, aliyemkataza mtoto kulala kwa mama yake ingawa yeye mwenyewe alikuwa tayari kaburini. Wanalisema mbele yangu, nami huendelea kuchambua mboga.