Bunduki ya Saizi Yake

Leo nimefundishwa ulezi na muuza bunduki.

Binti yangu Neema, miaka kumi na sita, amefaulu mtihani wa uwindaji huku Sweden. Baba yake, Mswidi mwenye kibali cha bunduki, akatutuma dukani tumchagulie bunduki ya kulungu ya kuanzia.

Mimi nikaiendea ile ndefu, nzito.

"Hii hapa. Bado anakua."

Mnanijua. Sijawahi kumnunulia huyu mtoto koti linalomtosha.

Muuzaji, mama wa makamo, akamwambia Neema aiweke begani. Mtoto akanyoosha shingo weee, jicho halikufika kwenye darubini.

"Hii itampiga bega, ataogopa kabla hajajifunza," muuzaji akasema. Akaleta nyepesi, yenye kitako kifupi, ambacho huongezwa vipande kadiri mtoto anavyorefuka.

Ikamkaa sawasawa.

Neema, ambaye siku zote hunijibu Kiswidi, akanigeukia na Kiswahili chake cha taratibu:

"Mama, hii ni ya mimi wa leo."

Nikajifanya natafuta leso mkobani.

Nimerudi nyumbani, nimeangalia viatu vyake vya baridi. Bado vimejaa magazeti vidoleni ili visimpwaye.

Wazazi wenzangu, nani mwingine anamvalisha mtoto wa mwaka ujao, huku huyu wa leo anapigwa na baridi?