Ng'ombe wa Mahari

Nikisikia harufu ya maziwa mabichi sokoni Sake, narudi uani kwa babu, baba wa mama, kule Mushaki. Ndoa ya wazazi wangu ilikuwa imevunjika, na baba alikuja kuchukua tena ng'ombe wa mahari. Lakini ng'ombe alikuwa amezaa.

"Hapa njo ndama alizaliwa," babu akasema. "Atabaki."

Mzee aliyeitwa kuwaamulia akamtazama ndama, ambaye mdomo wake ulijaa povu la maziwa, kisha akamgeukia babu. "Iko ananyonya bado, Papa. Hatuwezi kumutenga na mama yake."

Wote wakakubali. Nikashika kitenge cha mama kwa nguvu.

"Na mutoto?" mama akauliza.

"Mutoto ni wa baba yake," mzee akajibu.

Hapo hakuna aliyebisha. Nikamfuata baba nyuma ya ng'ombe, na kila mara tulisimama ili ndama anyonye.